Presha Imerudi, Lakini Damu Je?

Mama anayejifungua kwa upasuaji siku hizi mara nyingi yuko macho. Amechomwa sindano ya mgongo, miguu imekufa ganzi, kitambaa kimetundikwa mbele ya kifua asione yanayofanyika tumboni, na mtaalamu wa usingizi amekaa upande wa kichwani. Dakika chache baada ya sindano, pengine kabla kisu hakijagusa ngozi, huja jambo ambalo akina mama wengi hulikumbuka kuliko upasuaji wenyewe: kichefuchefu cha ghafla, jasho la baridi, masikio kuvuma, na kuhisi kwamba wanazama. "Daktari, najisikia vibaya." Mtaalamu hashtuki. Ameshaiona mashine, presha ya juu iliyokuwa 120 imefika 80, na ubongo unaopungukiwa damu ndio unaoleta kile kichefuchefu. Anachukua bomba la sindano aliloliandaa mapema, anasukuma dawa kidogo kwenye njia ya dripu, na baada ya dakika moja hivi mama anavuta pumzi na kuuliza kama mtoto ameshatoka.

Ndani ya bomba lile mna nini? Kwa miaka mingi ya karne iliyopita jibu lilikuwa efedrini. Leo katika hospitali nyingi duniani ni fenilefrini, na baadhi zimeanza kutumia noradrenalini. Kwa macho, zote tatu ni maji matupu. Kwenye mashine zote tatu hufanya jambo moja: namba inapanda. Lakini namba ikiwa ileile kwa dawa tatu, mwilini hayajatokea mambo yaleyale, na mtoto aliye tumboni ndiye aliyetoa ushahidi. Madaktari walichukua karibu miaka 30 kuusoma ushahidi huo.

Tuanze na sababu ya presha kushuka. Sindano ya mgongo huweka dawa ya ganzi, aghalabu bupivakaini, ndani ya maji yanayouzunguka uti wa mgongo. Kusudi lake ni kuzima neva zinazobeba maumivu. Ili tumbo likatwe bila mama kuhisi, ganzi lazima ipande hadi usawa wa chuchu, na njiani inazima neva nyingine ambazo hakuna aliyeomba zizimwe. Hizi ni neva za simpathetiki, zinazotoka kwenye uti wa mgongo kuanzia kifuani hadi juu ya kiuno. Kazi yao mojawapo ni kuiamuru mishipa ya damu ikaze kidogo, mchana na usiku, bila wewe kujua. Ni kwa ajili yao unaweza kuinuka ghafla mkekani bila kuanguka. Zikizimwa, mishipa ya miguu na tumbo inalegea, damu inatuama huko, na inayorudi moyoni inapungua. Ganzi ikipanda juu zaidi, inazigusa hata neva zinazouharakisha moyo, na mapigo nayo yanapungua wakati yangetakiwa kuongezeka.

Kwa mjamzito kuna nyongeza. Mji wa mimba wenye mtoto wa miezi tisa ni mzito, na mama akilala chali unaugandamiza mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni. Ndiyo maana meza ya upasuaji huinamishwa kidogo upande wa kushoto. Kwa miongo kadhaa vitabu viliagiza nyuzi 15, na wanafunzi walizikariri. Mwaka 2015 watafiti wa Japani waliwalaza wajawazito ndani ya mashine ya MRI wakautazama mshipa huo wenyewe: kwenye nyuzi 15 haukuwa umefunguka kwa maana yoyote; ulianza kufunguka kwenye nyuzi 30. Mama aliyelazwa nyuzi 30 juu ya meza nyembamba anaanza kuogopa kuporomoka, na daktari wa upasuaji anaanza kulalamika. Mazoea ya 15 yanaendelea.

Dripu pia imewahi kuaminiwa kupita uwezo wake. Hesabu ilionekana rahisi: mishipa imelegea, basi tujaze lita moja ya maji ya chumvi kabla ya sindano. Lakini sehemu kubwa ya maji hayo huvuja nje ya mishipa muda mfupi tu baada ya kuingia. Dripu inayotiririka kwa kasi wakati uleule wa sindano husaidia, ila peke yake haitoshi. Bila dawa ya kinga, tafiti zimeona presha ikishuka kwa zaidi ya nusu ya akina mama, na nyingine hadi saba au nane kati ya kumi. Kwa hiyo tunazungumzia jambo la kila siku la chumba cha upasuaji. Ajali ya mara mojamoja isingeshughulisha watu hivi.

Mtoto naye? Viungo kama ubongo vina akili yao: presha ikishuka kidogo, mishipa yake inatanuka ili kiasi cha damu kisipungue. Mishipa inayolisha kondo la nyuma haina nafasi hiyo. Mwishoni mwa ujauzito imeshatanuka karibu kadiri inavyoweza, na kila dakika inapitisha kiasi cha mililita 500 hadi 700 za damu. Presha ya mama ikianguka, damu ya kondo inaanguka nayo, na ikikaa chini muda mrefu, damu ya mtoto inaanza kuwa na asidi nyingi kuliko inavyotakiwa, dalili kwamba seli zake zinahangaika kutafuta oksijeni.

Presha lazima irudishwe, basi. Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Presha ya damu hutokana na vitu viwili vikizidishana: kiasi cha damu ambacho moyo unakisukuma kwa dakika, na jinsi mishipa ilivyobana. Aliyeishi kwenye mtaa wa mgawo wa maji hahitaji kufundishwa tofauti yake. Funga koki kabisa, presha ndani ya bomba iko juu kuliko wakati wowote, na ndoo haina kitu. Ifungue, presha inashuka na ndoo inajaa. Mashine iliyofungwa mkononi mwa mama inapima presha ndani ya bomba. Ndoo haiioni. Dawa inayobana mishipa na dawa inayousukuma moyo zinaweza kuandika 110 ileile kwenye kioo, na nyuma yake damu inayofika kwenye viungo ikawa tofauti kabisa.

Maarifa ya dawa hizi yalianza na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Mwaka 1893 daktari mmoja wa Harrogate, Uingereza, George Oliver, aliyependa kujitengenezea vifaa vya kupimia mishipa, alipeleka rojo la tezi hizo London kwa profesa Edward Schäfer. Inasimuliwa kwamba Schäfer alikuwa katikati ya jaribio la mbwa na hakuamini neno. Alimchoma mbwa rojo lile ili mgeni aridhike aondoke. Zebaki kwenye kipimo cha presha ikapanda mpaka wakabaki wanatazamana. Mwaka 1901 Mjapani Jokichi Takamine, akifanya kazi Marekani, alitangaza kwamba ameipata dawa yenyewe ikiwa safi, na akaipa jina la adrenalini. Sindano ya mgongo nayo ilikuwa imezaliwa karibu wakati huohuo, huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, August Bier alipotumia kokaini na kisha yeye na msaidizi wake wakajaribiana. Msaidizi huyo, Hildebrandt, alipigwa nyundo kwenye mfupa wa mguu na kuunguzwa kwa sigara ili ithibitike kwamba haumii. Jioni walikula na kunywa. Siku zilizofuata walijua kichwa kuuma ni nini.

Adrenalini ina nguvu, lakini mwili unaiteketeza ndani ya dakika chache, na ukiimeza inaharibika kabla ya kufika popote. Efedrini ilikuwa pole zaidi. Inatoka kwenye mmea ambao Wachina waliutumia kwa karne nyingi na kuuita ma huang. Mkemia wa Japani, Nagayoshi Nagai, aliitoa kwenye mmea mwaka 1885, kisha ikasahaulika mpaka mwaka 1924, Ko Kuei Chen na Carl Schmidt wakiwa Beijing walipoonyesha kwamba inafanana na adrenalini kwa kazi, inadumu zaidi, na inaweza kumezwa. Miaka mitatu baadaye, 1927, madaktari wa Marekani walikuwa tayari wanaichoma kwa wagonjwa ambao presha yao imeshushwa na sindano ya mgongo. Ikaingia chumba cha upasuaji na haijatoka.

Mpaka hapo watu walijua kwamba dawa hizi zinapandisha presha. Hawakujua kwa nini dawa moja inabana mshipa wa ngozi na hiyohiyo inalegeza njia za pumzi. Aliyefumbua ni Raymond Ahlquist wa Georgia, Marekani, na hadithi yake nadhani haisimuliwi vya kutosha. Alikuwa anatafuta kitu cha kawaida kabisa: dawa ya kulegeza mji wa mimba kwa wanawake wanaoteswa na maumivu ya hedhi. Alichukua kemikali sita za jamii ya adrenalini akazipanga kwa nguvu zake kwenye kiungo kimoja baada ya kingine. Kama kungekuwa na aina moja tu ya mahali pa kupokelea dawa, mpangilio ungefanana kila mahali. Haukufanana. Ulikuja kwa namna mbili: viungo vingine vilifuata mpangilio mmoja, vingine wa pili. Akahitimisha kwamba kuna vipokezi vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake liliikataa. Ilichapishwa kwenye jarida jingine mwaka 1948, na kwa miaka kadhaa karibu hakuna aliyejali, mpaka James Black wa Uingereza alipoitumia kutengeneza dawa za kuzuia beta, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Kwa mtaalamu wa usingizi, Ahlquist alileta ramani, na baadaye beta yake iligawanywa mara mbili. Kipokezi cha alfa kwenye mshipa kikiguswa, mshipa unabana. Beta ya kwanza, iliyoko moyoni, ikiguswa, moyo unakwenda mbio na kwa nguvu. Beta ya pili inafungua njia za pumzi, inalegeza mishipa ya misuli, na inalegeza mji wa mimba pia, jambo ambalo Ahlquist alikuwa akilitafuta tangu mwanzo. Sasa dawa zinaweza kupangwa. Adrenalini inagusa zote. Noradrenalini inagusa alfa kwa nguvu na beta ya moyo kwa kiasi. Fenilefrini ni ya alfa tu. Dobutamini inaufuata moyo. Efedrini ndiyo ya ajabu: yenyewe inagusa kidogo hapa na pale, lakini kazi yake kubwa ni kuingia kwenye ncha za neva na kuzilazimisha zimwage akiba yake ya noradrenalini. Akiba ikipungua, dawa inachoka. Ndiyo maana dozi ya tano ya efedrini haifanyi kazi ya dozi ya kwanza, na mgonjwa aliyekwisha kuchomwa nyingi anamtia wasiwasi yeyote anayeielewa.

Kwa ramani hiyo, swali la mjamzito lilionekana limejibika lenyewe. Mishipa ya mji wa mimba ina vipokezi vya alfa. Ukitoa dawa ya alfa, utabana mishipa inayomlisha mtoto. Basi usitoe. Mwaka 1974 watafiti wa San Francisco, Ralston, Shnider na deLorimier, walichapisha majaribio ya kondoo wenye mimba. Walilinganisha efedrini na dawa nyingine tatu za kupandisha presha. Efedrini iliiacha damu ya mji wa mimba ikiwa karibu kama ilivyokuwa. Zile zilizobana mishipa zaidi ziliipunguza. Matokeo yalikuwa mazuri, yaliafikiana na nadharia, na yalielezeka kwa sentensi moja. Kwa zaidi ya miaka 20 vitabu viliandika: kwa mjamzito, efedrini. Mwanafunzi aliyetaja fenilefrini kwenye mtihani wa mdomo alijua anatafuta kufeli.

Lakini kondoo hakuwa mwanamke aliyelala mezani, na mtiririko wa damu haukuwa jambo pekee la kuuliza. Ili kujua mtoto alikuwa na hali gani tumboni kuna njia rahisi inayoweza kufanyika katika hospitali yoyote yenye mashine ya kupima gesi za damu: akishatoka, unafunga kipande cha kitovu na kuchota damu iliyomo. Damu hiyo imebeba kumbukumbu ya dakika za mwisho kabla ya kuzaliwa. Ikiwa na asidi nyingi, mambo hayakuwa sawa. Watafiti walipoanza kulinganisha akina mama waliopewa efedrini na waliopewa fenilefrini, kitovu kilisema kinyume cha kondoo. Watoto wa fenilefrini walikuwa na asidi ndogo zaidi. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002, karibu mtoto mmoja kati ya watano wa kundi la efedrini alivuka mpaka ambapo madaktari husema damu ya mtoto ina asidi kupita kiasi. Kwa fenilefrini ilikuwa nadra. Mwaka huohuo kundi la Warwick Ngan Kee wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong lilikusanya majaribio yaliyokuwapo na kuona mwelekeo uleule wa asidi.

Kwa nini? Ikiwa efedrini inahifadhi damu ya kondo, asidi inatoka wapi? Jibu la Hong Kong lilikuja mwaka 2009, na kwangu ni mojawapo ya majibu safi kabisa katika taaluma hii. Walipima dawa yenyewe ndani ya damu ya mama na ndani ya damu ya kitovu. Fenilefrini iliyofika kwa mtoto ilikuwa chini ya sehemu moja ya tano ya ile ya mama, uwiano wa 0.17. Efedrini ilikuwa 1.13. Yaani mtoto alikuwa nayo nyingi kuliko mama aliyechomwa. Ilivuka kondo bila kizuizi, ikamkuta kijusi, ikamfanya yale inayomfanya mtu yeyote: moyo mbio, sukari juu, mwili kuchoma nishati haraka. Mtoto hakuwa amenyimwa damu. Alikuwa amepewa dawa ya kumkimbiza wakati ambapo hakuwa na pa kukimbilia, na asidi ilikuwa moshi wa moto huo.

Wale wa kondoo walipima kwa uaminifu. Efedrini kweli inaitunza damu ya mji wa mimba. Walichokosa ni kumuuliza mtoto mwenyewe. Na zile hofu za alfa? Fenilefrini ikitolewa kwa kipimo cha kurudisha presha ya mama mahali ilipokuwa, bila kuivusha, inabana zaidi ile mishipa ya miguu na tumbo iliyolegezwa na ganzi, damu iliyotuama inarudi moyoni, na kondo linapata haki yake. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilitoa mwongozo: dawa za jamii ya alfa ndizo zinazofaa zaidi kwa sindano ya mgongo ya uzazi, fenilefrini ikiwa na ushahidi mwingi kuliko wenzake, ianze kutiririka mara tu baada ya sindano ya mgongo, bila kungoja presha ianguke, na presha ya juu ya mama ishikiliwe isipungue asilimia 90 ya ile aliyoingia nayo.

Mtu asije akatoka hapa akidhani mama aliyechomwa efedrini amemdhuru mwanawe. Katika tafiti hizohizo, alama za afya anazopewa mtoto dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa hazikutofautiana. Mtoto mzima, wa mama mzima, hukabiliana na asidi kidogo kwa dakika chache akalia vizuri. Presha iliyoachwa chini bila dawa yoyote ni mbaya mara nyingi zaidi ya tofauti iliyopo kati ya dawa hizi mbili. Tofauti inaweza kuwa na uzito kwa mtoto ambaye tayari yuko hoi tumboni kabla ya upasuaji, na huyo, kwa bahati mbaya, ndiye aliyeshirikishwa kidogo zaidi katika majaribio.

Fenilefrini nayo ina deni lake. Shingoni na kwenye mshipa mkuu karibu na moyo kuna vipima-presha vya mwili wenyewe. Vikiona presha imepanda, vinaamuru moyo upunguze mwendo. Mishipa ikibanwa ghafla na fenilefrini, moyo unapunguza mapigo, na damu inayosukumwa kwa dakika inapungua nayo. Mtaalamu anaona presha nzuri na mapigo 48. Hapo ndipo anayefuata namba moja tu anapokosea: akiona presha imeanza kuteleza tena anaongeza fenilefrini, moyo unazidi kupunguza. Anayezisoma zote mbili pamoja atachukua efedrini, au atropini, dawa ya kuharakisha mapigo. Kwa hiyo efedrini haikufukuzwa chumbani. Imebadilishiwa kazi: presha ya chini yenye mapigo ya chini bado ni mahali pake.

Ngan Kee aliliona deni hilo pia, na mwaka 2015 alichapisha jaribio la akina mama 104, akiilinganisha fenilefrini na noradrenalini iliyozimuliwa sana. Presha ilishikika sawasawa. Lakini kwa noradrenalini, ile beta ya moyo iliguswa kidogo, mapigo hayakuporomoka sana, na moyo ulisukuma damu zaidi. Noradrenalini ilikuwa imezoeleka kama dawa ya chumba cha wagonjwa mahututi, inayopitishwa kwenye mpira mrefu ulioingizwa shingoni, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa mdogo wa mkono inaweza kuua ngozi. Kuipeleka kwenye mshipa wa mkono wa mama mzima kulihitaji ujasiri, na kuizimua vizuri. Baadhi ya wataalamu wameikubali. Wengine wanasema fenilefrini inatosha kwa mama asiye na ugonjwa. Naona wa pili wana hoja pale ambapo hospitali imeshaizoea fenilefrini na haina mtu wa kuangalia dripu kila dakika.

Yote haya yanachukulia kwamba moyo wenyewe ni mzima. Usipokuwa mzima, mambo yanageuka. Kuna akina mama ambao moyo hudhoofika na kutanuka mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Kuubania moyo huo mishipa ni kuuongezea mzigo. Unahitaji dawa ya kuupa nguvu, dobutamini au adrenalini kidogo kidogo, kazi inayofanywa na mtu mzoefu mwenye mashine za kutosha. Na kuna ugonjwa mwingine unaojulikana vizuri kliniki za moyo za Afrika Mashariki: vali ya moyo iliyokakamaa na kubaki na tundu jembamba kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Damu inapita kwenye vali hiyo taratibu, na moyo unahitaji muda wa kujaa kati ya pigo na pigo. Mpe mama huyu efedrini, moyo uende 140, na maji yanaweza kujaa mapafuni akiwa mezani. Kwake fenilefrini, pamoja na ule upole wake kwa mapigo ambao kwa wengine ni kasoro, ndiyo rafiki. Ndiyo sababu swali la "umewahi kuambiwa una tatizo la moyo?" halifai kujibiwa "hapana" ili mambo yaende haraka.

Anayevuja damu ni kisa kingine kabisa. Hapo mishipa haijalegea, imepungukiwa. Dawa ya kubana inaweza kurudisha namba kwa muda mfupi wa kutafuta damu ya kuongezewa na kuzuia inayotoka, wala haifai kuwa mbadala wake. Presha ya 100 iliyoshikiliwa kwa noradrenalini juu ya mji wa mimba unaoendelea kuvuja imewahi kuwapumbaza wengi.

Katika hospitali nyingi za kwetu, hata hivyo, efedrini ndiyo inayopatikana. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na imeandikwa kwa kazi hiihii: sindano ya mgongo wakati wa kujifungua. Kuitunza kuna usumbufu wake, kwa kuwa ni malighafi ya dawa za kulevya za methamfetamini na iko chini ya udhibiti wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988. Duka la dawa la hospitali linaifungia na kuihesabu. Bado ina fadhila moja ambayo makala za utafiti mara nyingi huipita juujuu: inasamehe. Chupa yake ya miligramu 30 huzimuliwa ikawa mililita 10, na mama anapewa mbili au tatu kwa wakati. Ukikosea kidogo, mapigo yanaenda mbio na mama anatetemeka.

Fenilefrini haisamehe. Chupa ndogo ya kawaida ina miligramu 10 ndani ya mililita moja, na dozi ya mama ni mikrogramu 50 hadi 100. Kichupa kimoja kina dozi zisizopungua 100. Lazima kimwagwe kwenye chupa ya dripu ya mililita 100, kikorogwe, kiandikwe jina na kipimo, na ndipo kivutwe. Katikati ya usiku, kukiwa na mtaalamu mmoja wa usingizi na upasuaji wa dharura unaosubiri, kosa la nukta moja ya desimali linampeleka mama kwenye presha inayoweza kupasua mshipa wa kichwani. Katika nchi tajiri tatizo hilo limetatuliwa kwa mabomba ya sindano yanayotoka kiwandani yakiwa yameshazimuliwa, mikrogramu 100 kwa mililita, lebo imebandikwa. Bei ya mabomba hayo ni kubwa mara kadhaa kuliko ya kichupa. Hospitali inayotaka kuhama kutoka efedrini na haiwezi kuyanunua inaweza kufanya jambo moja kabla ya jingine lolote: kuchagua kipimo kimoja cha kuzimulia, kukibandika ukutani juu ya meza ya dawa, na kukataza vipimo vingine vyote ndani ya chumba hicho.